Kuiweka ekseli ya nyuma katikati unapoishusha pikapu ya zamani

Mkulima mmoja wa Njoro aliniletea hapa gereji, Nakuru, pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1969 iliyokuwa imeshushwa nyuma milimita 125 kwa kubadilishiwa springi. "Fundi," aliniambia, "tairi la kushoto limetokeza nje, la kulia limeingia ndani, na nikivuka matuta mkia unayumba." Nilipolala chini ya gari niliona kwamba springi mpya zilikuwa nzuri na zimefungwa vizuri, lakini rodi ya Panhard, ile fimbo ya chuma inayoizuia ekseli isihame kando, ilikuwa imeachwa palepale ilipowekwa na kiwanda, nayo sasa imeinama kama paa la banda.

C10 nyingi za mwaka 1960 hadi 1972 zina springi za koili nyuma. Mikono miwili mirefu inayotoka katikati ya chesisi huizuia ekseli isiende mbele wala nyuma, koili hubeba uzito, na kazi ya kuizuia isiende kando huachiwa rodi hiyo moja, ambayo ncha yake moja imefungwa kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli. Kwa kuwa rodi hairefuki wala haifupiki, gari linapopanda na kushuka ncha moja huzunguka nyingine kwa tao. Rodi ikiwa imelala sawasawa, sehemu hiyo ya tao inakaribia kuwa wima na ekseli husogea kando kidogo sana. Ikiwa imeinama, kila milimita ya kushuka huivuta ekseli kuelekea upande ambako rodi imefungwa kwenye chesisi.

Chukua rodi ya milimita 450 iliyokuwa imelala, kisha uishushe chesisi milimita 125. Upana ambao rodi inauziba unabaki milimita 432 na kitu, yaani ekseli imevutwa karibu milimita 18. Rodi ya milimita 900 katika hali hiyohiyo ingeivuta chini ya milimita 9. Ndiyo maana nikipata nafasi chini ya gari huchagua rodi ndefu kadiri chesisi inavyoruhusu.

Hapa ndipo mafundi wengi huishia, nami niliwahi kuishia hapohapo. Pikapu ya kwanza niliyoishusha niliifungia rodi ya kurekebishika, yenye uzi wa kulia ncha moja na uzi wa kushoto ncha nyingine, nikaizungusha mpaka ekseli ikakaa katikati, nikamkabidhi mwenyewe gari. Baada ya wiki alirudi na tairi lililokwanguliwa ubavuni. Gari lilikuwa katikati likiwa limesimama, lakini rodi ilikuwa bado imeinama. Rodi ya milimita 450 iliyolala ikipata tuta la kuisogeza milimita 50, ekseli huenda kando chini ya milimita 3. Rodi hiyohiyo ikiwa tayari imeinama milimita 125, tuta lilelile huisukuma ekseli karibu milimita 18 zaidi. Kurekebisha urefu wa rodi kunatibu gari lililoegeshwa. Gari linalotembea linatibiwa kwa kuilaza rodi.

Kwa hiyo C10 ya yule mzee niliikatia braketi ya chesisi na kuipandisha ili ncha mbili za rodi ziwe kwenye kimo kimoja. Ingewezekana pia kuishusha ncha ya ekseli, lakini sipendi kuning'iniza chuma chini ya ekseli kwenye barabara zetu za murramu, ambako jiwe moja linatosha kuipinda braketi. Kabla ya kuchomelea kabisa niliondoa koili zote mbili, nikaipandisha ekseli kwa jeki mpaka ikagota kwenye raba za chesisi, nikahakikisha kwamba rodi haigusi nyumba ya difu wala bomba la moshi. Kazi hii ya nusu saa siiruki hata mteja akiwa na haraka. Ukichomelea kwenye bomba la ekseli lenyewe, choma vipande vifupi na uache vipoe, kwa sababu joto jingi la mahali pamoja hulipinda bomba.

Pikapu inayobeba mzigo inahitaji uamuzi mwingine. Mzee huyu hupakia viazi karibu kila wiki, na magunia manne yanaishusha nyuma vya kutosha kubadilisha mlalo wa rodi. Niliilaza rodi nikiwa nimeweka mzigo wa magunia mawili, ili ikiwa tupu iinuke kidogo upande mmoja na ikijaa iinuke kidogo upande wa pili. Gari la maonyesho ningelilaza likiwa tupu.

Kupima nako kuna makosa yake. Usipime kutoka kwenye bodi, kwa maana bodi hufungwa kwa bolti na yenyewe inaweza kuwa imekaa upande. Usipime kwenye tairi pia, kwa sababu rimu mbili za zamani si lazima zilingane. Mimi huning'iniza timazi kutoka kwenye uso wa nje wa chesisi, kushoto na kulia, nikapima kutoka kamba hadi uso wa ngoma ya breki. Gari liwe limesimama kwa magurudumu yake, na kabla ya kupima lisukumwe mbele na nyuma mita chache, kwani tairi lililotoka kwenye jeki huishika sakafu na kuizuia ekseli isitulie. Ukipata kushoto milimita 96 na kulia 82, tofauti ni 14, lakini ekseli imehama 7 tu. Nimewaona vijana wakiisogeza zote 14 na kulihamishia kosa upande wa pili.

Bushi za mpira zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa kimo chake kipya. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hujikunja gari linapotua na hupasuka mapema.

Kuanzia mwaka 1973 C10 zilikuja na springi za mabamba nyuma, na huko hakuna rodi ya Panhard: ekseli hushikwa kando na springi zenyewe. Ikiwa imehama, angalia kama kichwa cha senta bolti, ile inayoyafunga mabamba pamoja katikati, kimeingia sawasawa kwenye tundu la bloku, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya springi na ekseli, na kama pedi za kukalia springi zilizochomelewa kwenye ekseli zilipimwa kutoka katikati.

Yule mzee alilijaribu gari hadi Mau Summit na kurudi. Tulipopima tena, kamba zilionyesha milimita 89 kushoto na 89 kulia.