Ubora wa chakula kwa dafnia: kushiba si kukua

Dafnia ni krasteshia mdogo wa maji baridi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Daphnia magna, anayefugwa sana maabara, hufikia milimita 5 hivi. Hula kwa kuchuja: miguu yake yenye vinyweleo hupiga maji bila kukoma na kunasa mwani, bakteria na chembe nyingine zinazoelea. Hana uwezo mkubwa wa kuchagua. Kinachonasa, ndicho anachokula, na si kila kinachojaza tumbo hujenga mwili.

Ndiyo maana watafiti hutenganisha wingi wa chakula na ubora wake. Tuanze na fosforasi. Mnyama anayekua upesi huunda protini kwa kasi, kazi inayotaka RNA nyingi (molekuli zinazoshiriki kuunda protini), na RNA imejaa fosforasi. Sasa mwani uliopigwa na jua kali kwenye maji yenye fosforasi haba hurundika kaboni tu. Atomi za kaboni zikizidi takriban 300 kwa kila atomi moja ya fosforasi, ukuaji wa dafnia hushuka hata kama maji ni ya kijani tele. Ni sawa na mtoto anayeshibishwa ugali mtupu kila siku.

Halafu kuna mafuta. Krasteshia hawawezi kujitengenezea kolesteroli. Lazima wapate steroli, jamii ya mafuta ambamo kolesteroli imo, kutoka kwenye chakula. Wanahitaji pia asidi za mafuta za omega-3, hasa ile iitwayo EPA, ambayo diatomu, mwani wa chembe moja wenye ganda la silika, wanayo kwa wingi. Sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mwani, hawana steroli wala EPA ya maana. Wengine, kama Microcystis, hujikusanya makundi yanayotatiza uchujaji, na baadhi hutoa sumu juu yake. Lakini sumu si kisa chote, jambo ambalo naona husahaulika mno: dafnia waliolishwa Synechococcus, sianobakteria asiye na sumu, walikua vizuri zaidi walipoongezewa kolesteroli.

Ukuaji na uzazi vimefungamana, kwani dafnia jike hutaga mayai kwenye kifuko cha mgongoni kila anapojivua gamba, takriban kila siku 3 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Jike mkubwa ana nafasi ya mayai mengi, na akiba yake ya mafuta ndiyo inayoyajaza. Akila vibaya huchelewa kupevuka, na mayai hupungua. Mama mwenye njaa ya wastani mara nyingi huzaa watoto wachache lakini wakubwa zaidi, wanaostahimili njaa kuliko watoto wa mama aliyeshiba.

Kwa kawaida majike hayo huzaa bila dume, na watoto wote ni majike nakala ya mama. Chakula kikipungua, wakisongamana, au mchana ukifupika, wanazaliwa madume, kisha yanatengenezwa mayai ya kulala, kwa kawaida mawili ndani ya ganda gumu jeusi. Hayo yanaweza kukaa kwenye tope miaka mingi yakisubiri hali njema.

Maabara zinazopima sumu ya kemikali kwa dafnia hulazimika kuzingatia haya yote. Katika jaribio la kimataifa la siku 21, kila mama hupewa miligramu 0.1 hadi 0.2 za kaboni kwa siku, na kundi lisilowekewa kemikali lazima lifikie wastani wa watoto 60 kwa kila mama aliye hai. Lisipofikia, matokeo hayakubaliki, na mara nyingi jicho la kwanza huelekezwa kwenye chakula.

Mfugaji wa vifaranga vya kambale hukutana na jambo hilohilo kwa moina, ndugu mdogo wa dafnia. Hamira humzalisha haraka, lakini hamira haina EPA. Moina aliyelishwa hamira pekee hufika kwa kifaranga akiwa na upungufu uleule, kwa hiyo wengi huchanganya na mwani au humlisha mwani kabla ya kumvua.