Meno ya Arusha, Fizi Zinazovuja Damu na Kopo la Vitamini

"Shikamoo dokta. Nataka nisafishwe meno mpaka yawe meupe."

Kijana aliyesema hivyo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja kabla hata hajakaa kwenye kiti. Kazaliwa na kukulia upande wa Maji ya Chai, Arusha, kapata kazi Dar es Salaam, na hakutaka kwenda huko kutaniwa kwamba ana "meno ya Arusha". Alikuwa ameshajaribu mkaa wa kusaga, limao na chumvi, hata mchanga laini. Mwisho akanunua kopo kubwa la vidonge vya kalsiamu na vitamini, kwa kuwa muuzaji alimwambia meno yake yamekosa madini. Nilipowasha taa niliona mistari ya kahawia iliyolala kwa upana wa jino, na karibu na ncha vishimo vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano. Pale ufizi unapokutana na jino, mkaa na mchanga vilikuwa vimeshachimba mfereji.

Nilimwambia meno yake si machafu, wala hayajakosa madini. Yalipata madini kupita kiasi, na yaliyapata zamani sana, kabla hajajua hata kutamka jina lake vizuri.

Madini hayo ni floridi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru na ya ukanda huu wote wa Bonde la Ufa inayo kwa wingi, na maji yanayopita humo yanaibeba. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Wengi wanadhani Mto Maji ya Chai una madini kwa sababu ya ile rangi yake. Rangi haikuambii chochote, kwani kuna maji maangavu kama kioo ambayo yana floridi nyingi kuliko yale ya rangi ya chai. Chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Hapa kwetu, kwa miaka mingi, maji ya vijijini yaliruhusiwa kufika miligramu 8 kwa lita, kwa sababu mahali pengi hapakuwa na maji mengine. Waliokua wakinywa maji hayo wana historia yao mdomoni.

Jino la mbele la ukubwani huanza kujengwa ndani ya taya miezi michache tu baada ya mtoto kuzaliwa, na sehemu yake inayoonekana hukamilika akiwa na miaka minne au mitano. Magego ya nyuma, ukiacha gego la mwisho, humaliza kujengwa kwenye miaka minane hivi. Katika kipindi hicho, floridi ikizidi, lile tabaka gumu la juu, enameli, halikomai vizuri. Hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino likitoka huwa jeupe la chaki. Ukahawia huja baadaye, vitundu vinaponyonya rangi ya vyakula na vinywaji. Ndiyo maana mtu aliyehamia Arusha akiwa na miaka thelathini hapati meno haya hata akinywa maji ya hapa mpaka uzee, na mzaliwa wa hapa akihamia Dar hayamtoki.

Ndiyo maana pia lile kopo halikuwa na kazi. Enameli ya jino lililokwisha kutoka haina damu wala chembe hai ndani yake. Kidonge ulichomeza hakina njia ya kufika pale.

Mifupa ina habari yake. Yenyewe haiachi kupokea floridi hata ukubwani, na anayekunywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi anaweza kukakamaa mgongo na viungo. Watoto wengine miguu hupinda. Sio kila matege ni ya floridi, mengine ni upungufu wa vitamini D au kalsiamu, kwa hiyo mtoto mwenye miguu iliyopinda apelekwe hospitali apimwe badala ya kukisiwa mtaani.

Sasa, maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haichemki ikatoka. Ukichemsha muda mrefu maji yanapungua, floridi inabaki ile ile, kwa hiyo unaongeza ukali. Chujio la kitambaa au la mshumaa halisaidii. Linalosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru, inasagwa, maji yanapitishwa humo. Kazi hiyo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi pale kituo cha Ngurdoto, hapa hapa Arusha. Ukifikiri utaona mantiki yake, kwani mfupa huivuta floridi, uwe wa ng'ombe ndani ya chujio au wako wewe. Chujio hilo nalo huchoka, na lisipobadilishwa mkaa wake kwa wakati maji yanapita kama yalivyoingia.

Kuna maji ya mvua pia. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kisha kinga. Na kama uwezo wa nyumba ni dumu moja tu la maji mazuri kwa siku, msigawane sawa. Hilo dumu ni la mtoto wa chini ya miaka minane, kwa kunywa na kwa uji. Baba na mama meno yao yameshajengwa. Mtoto anayenyonya analindwa kwa njia nyingine: maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye madini. Hatari inaanza siku ya kikombe cha kwanza cha uji. Kujua maji yenu yana kiasi gani, ulizeni ofisi ya maji ya wilaya au maabara ya ubora wa maji. Kupima kwa macho hakuna.

Ndugu zangu wa Moshi msicheke. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1990 kwenye vijiji vya Kilimanjaro ambavyo maji yake karibu hayana floridi ulikuta watoto wenye meno ya madoa vilevile, na mmoja wa washukiwa wakubwa ni magadi. Yale mawe tunayotia kwenye makande na kiburu ili maharage yaive haraka, mengine yana floridi nyingi sana, na sokoni huwezi kujua fungu hili limetoka wapi. Maharage na mahindi ukiyaloweka usiku kucha, ukamwaga yale maji, yanaiva bila magadi. Najua bibi atasema ladha si ile. Basi sufuria ya mtoto ipikwe bila, ya bibi tutaongea baadaye.

Swali linalofuata kila mara: je, tuache dawa ya mswaki yenye floridi? Hapana. Kiasi kidogo kinachogusa jino kwa nje kinalikinga lisitoboke, na jino lenye vishimo linahitaji kinga hiyo zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimame hapo ahakikishe anatema. Kinachodhuru ni kumeza.

Yule kijana tulimkwangua kidogo juu juu kwa dawa maalumu, sehemu zilizozama tukazifunika kwa ujazo wa rangi ya jino. Mkaa wa kusugulia meno nilimpiga marufuku.

Nihamie kwenye fizi, maana hapo ndipo fedha nyingi za vitamini zinapopotelea. Mtu akiona damu kwenye mswaki anakwenda duka la dawa kununua vitamini C za kutafuna. Kisa chake kina msingi: kiseyeye kweli ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, na kiliua mabaharia wengi. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwapa wagonjwa wake wawili machungwa na malimao, akaona wanapata nafuu haraka kuliko wenzao. Mwili unatumia vitamini hiyo kutengeneza nyuzi zinazoshikilia ufizi, ngozi na mishipa midogo ya damu. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na mvutaji wa sigara anaongezewa 35. Pera moja la kawaida linamaliza hesabu hiyo na chenji inabaki. Katika mji ambao mapera yanaoza chini ya miti, fizi nyingi ninazoziona zikivuja damu hazina kiseyeye. Zina ukoga ambao haukupigwa mswaki, ukagumu ukawa ugaga, na ufizi ukavimba kwa hasira.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Piga mswaki laini asubuhi na usiku, mpaka kwenye mpaka wa ufizi, kwa wiki mbili, hata kama panatoka damu. Wengi damu hupungua. Isipopungua, njoo. Huenda kuna ugaga ambao mswaki hauuwezi, huenda ni kisukari ambacho hujakijua, huenda ni dawa za kuyeyusha damu, na mara chache ni ugonjwa wa damu wenyewe.

Ninaowashuku kiseyeye ni wengine: mzee anayeishi peke yake, meno yamebaki manne, chakula chake chai na ugali na maharage, tunda hagusi kwa sababu hawezi kulitafuna, au mtu ambaye pombe ndiyo mlo. Hao fizi zao huwa za zambarau, zimevimba kama sponji, na miguuni kuna madoa ya damu chini ya ngozi. Mzee kama huyo simwandikii kopo la bei kubwa kama ana mjukuu wa kumkamulia chungwa. Mboga nazo zisichemshwe mpaka zikawa rojo na supu yake kumwagwa. Vitamini C haivumilii moto wa muda mrefu.

Vile vidonge vya kutafuna ni tindikali. Ukivifanya pipi, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja kwenye daladala, vinalainisha enameli. Nimeona meno yaliyolika namna hiyo kwa mtu aliyeamini anayatunza.

Ulimi ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu haufichi. Mama mmoja muuza ndizi alikuja kung'oa jino. Pembe za mdomo zimepasuka, ulimi laini unang'aa kama umepigwa pasi, rangi ya fizi imepauka. Nikamuuliza anatafuna nini. Akacheka kwa aibu, akatoa kwenye kitenge kipande cha udongo, ule unaouzwa sokoni. "Nikikosa huu dokta, mchana hauishi." Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unazuia chuma kufyonzwa, mbali na kusaga meno na kuleta minyoo. Tulimpima wingi wa damu kabla ya kugusa jino, na ilikuwa ndogo. Dawa aliandikiwa, lakini mazungumzo yaliyofaa zaidi yalihusu chai. Alikuwa anashushia kila mlo kwa chai ya rangi, na chai inanyang'anya chuma kilichomo kwenye maharage na mboga. Isogeze mbali na mlo, saa moja au mbili. Kwenye mlo weka limao, chungwa au nyanya mbichi. Vitamini C inakisaidia chuma kuingia.

Ulimi mwekundu unaowaka, pamoja na ganzi miguuni, unaweza kuwa upungufu wa vitamini B12. Hiyo inapatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mboga za majani hazina. Mipasuko ya pembe za mdomo nayo inaweza kuwa fangasi, au meno ya bandia yaliyochakaa. Kwa hiyo pima kwanza. Na dawa ya maji ya kuongeza damu ikiyafanya meno ya mtoto kuwa meusi, msiogope, weusi huo uko juu tu na unasafishika; mpeni kwa mrija au msukutue baadaye.

Wajawazito wananiambia kila mimba inaondoka na jino, kwamba mtoto anavuta kalsiamu ya mama. Mtoto havuti kalsiamu kwenye meno. Mama asipoila, inachukuliwa kwenye mifupa. Jino linaondoka kwa sababu ya kutapika tindikali, kula kidogo kidogo mchana kutwa, fizi zinazovimba kwa homoni, na kuogopa kumwona daktari wa meno kwa miezi tisa. Kutibiwa ukiwa mjamzito inaruhusiwa. Kalsiamu iko kwenye bakuli la loshoro, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kwenye mtindi, kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na kwenye sukuma wiki. Mchicha unayo pia ila hauiachii kirahisi. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vimezwe kama mlivyoelekezwa. Vitamini A za dukani mjamzito asijinunulie, kwani zikizidi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Yule kijana alirudi kwa hatua ya pili, safari hii na mama yake na mdogo wake wa miaka mitatu. Nikamweka mtoto mapajani kwa mama, akafungua mdomo bila ubishi. Meno ya utoto meupe kabisa, bila hata doa. Mama akatabasamu, nikamuuliza uji wanaupikia maji gani.

"Ya bombani pale pale, dokta. Ila sisi tunayachemsha sana."

Nikavuta kiti nikakaa, tukaanza upya.