Umati ndio uliotengeneza sauti ya Cavern

Mtu akikodi godauni ili aligeuze ukumbi wa muziki, swali lake la kwanza kwangu huwa ni anunue spika ngapi. Mimi huanza na kuta, na mfano ninaoutumia daima ni Cavern Club ya Liverpool, Uingereza, iliyofunguliwa Januari 1957 chini ya ghala la zamani huko Mathew Street. Ulishuka ngazi 18 za mawe, ukakuta vyumba vitatu virefu vya matofali vimelala sambamba kama mahandaki, dari zimepinda, na matao ya kupitia kutoka kimoja hadi kingine. Jukwaa lilikuwa mwisho wa chumba cha katikati. Hapo bendi ya Beatles ilipiga karibu mara 300 kati ya 1961 na 1963.

Ukumbi kama ule ukiwa mtupu, fundi mitambo anashika kichwa. Tofali hurudisha karibu sauti yote inayoligonga. Tuseme una chumba cha mita 20 kwa 10, dari mita 2.5, na kuta, sakafu na dari vinameza asilimia 3 tu ya sauti. Kwa kanuni ya mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, unazidisha ujazo kwa 0.161 kisha unagawa kwa eneo linalomeza sauti, hapa asilimia 3 ya eneo lote la kuta, sakafu na dari. Jibu ni takriban sekunde 5 kabla mwangwi haujashuka kwa desibeli 60, yaani karibu kutosikika tena. Hapo maneno ya mwimbaji yanarundikana, husikii kitu.

Sasa ingiza watu 300. Kila mmoja, na nguo zake, humeza sauti kama nusu mita ya mraba ya eneo linalomeza sauti yote. Sekunde 5 zinakuwa nusu sekunde! Ukumbi ni uleule, vyombo ni vilevile.

Dari fupi nayo ina faida yake. Sauti inayogonga dari hukufikia milisekunde chache tu baada ya ile iliyotoka jukwaani, na sikio linazipokea kama sauti moja yenye nguvu zaidi. Amplifaya za miaka ile zilikuwa ndogo, lakini mle chini zilitosha kutikisa kifua.

Besi, yaani sauti nzito za chini, ndiyo inayosumbua. Watu humeza zaidi sauti za juu na za kati. Besi hubaki inazunguka. Kwa hiyo unapopima sauti jioni ukumbi ukiwa mtupu, usikimbilie kukata trebo (sauti kali za juu) kwa kuwa inakuchoma masikio. Watu wakijaa itamezwa, nawe utabaki na mngurumo. Punguza besi, trebo iache.

Halafu kuna hewa, na hapa Cavern si ya kuigwa. Jasho na pumzi za watu viligeuka maji kwenye kuta na dari, yakawadondokea wanamuziki na vyombo vyao, na umeme ukawa unaleta hitilafu. Ukumbi wa chini ya ardhi utengewe fedha za feni za kutoa hewa kabla ya spika. Mabomba ya hewa yawekewe sufi ya kuzuia kelele kwa ndani, la sivyo feni itasikika kila wimbo wa polepole unapopigwa.