Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba, ila nani anatoka jasho?

Pita shule nyingi za msingi hapa Tanzania siku ya michezo, picha ni ile ile. Mwalimu ana filimbi, mpira ni mmoja, watoto 22 wanaukimbiza na wengine wako chini ya mwembe wanashangilia, wengine wanachora chini kwa kijiti, wasichana wamesimama pembeni na sketi zao wanasubiri kengele. Kama darasa lina watoto 80 basi 58 wamepunga upepo tu, lakini kwenye kitabu cha mwalimu imeandikwa kipindi kimefundishwa.

Sisi tunaoandaa walimu wa michezo hili tunalisema mpaka tunachokwa. Timu ya shule ni kitu kimoja na somo la michezo ni kitu kingine. UMITASHUMTA ni mashindano mazuri ya shule za msingi, yanaibua vipaji kuanzia shuleni mpaka taifa na hamna anayeyapinga, ila yule mtoto mnene, au mwoga wa mpira, au ambaye hajui hata kurusha, huyo ndo mwenye shida ya kufundishwa zaidi na ndo wa kwanza kuachwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kujishughulisha mpaka ahemee juu, na angalau siku 3 kwa wiki ziwemo shughuli za kukaza misuli na mifupa, yaani kuruka, kupanda, kuvutana kamba. Takwimu za 2016 walizozitoa 2019 zilionyesha asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 mpaka 17 duniani hawafikii hapo, wavulana 78 na wasichana 85. Mtoto wa kijijini anayetembea kwenda shule, akirudi anachota maji na jioni anacheza chandimu mpaka giza, huyo sina wasiwasi nae sana. Wasiwasi wangu ni huyu wa mjini, skulbasi inampitia alfajiri, anakaa kwenye gari, anakaa darasani, anakaa tuisheni, anarudi kwenye gari, anafika home anakalishwa kwenye homuweki halafu TV. Siku nzima huyo miguu yake imefanya kazi gani?

Sasa tupige hesabu ya kipindi chenyewe. Dakika 40. Kutoka darasani na kubadili nguo kumi zimeenda, mwalimu anapanga mistari na kueleza sheria tano nyingine, zimebaki 25. Akiwapanga watoto 20 kwenye mstari mmoja kila mtu asubiri zamu yake ya kuruka, kila mtoto anapata dakika moja na kidogo, muda mwingine wote ni kusukumana na kuchapwa.

Dawa yake haihitaji bajeti ya wizara. Chukua rede, mchezo ambao kila mtoto anaujua. Gawa darasa makundi ya watoto wanane wanane, wawili warushe, sita wawe katikati wakikwepa mpira na kujaza mchanga kwenye chupa. Kwa watoto 80 unahitaji mipira kumi, na mpira wa rede ni soksi iliyochakaa, unaijaza matambara, unaikaza kwa kamba, waambie watengeneze wenyewe nyumbani. Halafu badili sheria moja tu, aliyepigwa asitoke. Abadilishane na aliyemrushia mpira, mchezo uendelee. Maana ile sheria ya kutoka inawatoa kwanza wale wasiojua kukwepa, wanakaa nje wanaangalia wenzao wanaojua wakizidi kujua, sasa hapo umefundisha nini?

Kombolela, kuruka kamba na kuvutana kamba navyo usividharau. Na mchakamchaka wa asubuhi ni mali, ingawa kuna kitu watu hawakioni, mtoto akiwa bado anaimba kwa sauti na kuitikia vizuri ujue mwendo ni mdogo. Akiweza kuongea ila kuimba kunamshinda hapo ndo kiwango cha kati tunachokitaka, na akitoa neno mojamoja kwa kuhema basi kazi imekuwa nzito. Hicho ndo kipimo, hakihitaji mashine.

Kitu kinachoniuma zaidi ni adhabu. Mtoto kachelewa, ruka kichura. Kapiga kelele, zunguka uwanja mara kumi. Halafu Ijumaa mwalimu huyo huyo anawaambia mazoezi ni raha, nani atamwamini? Ukifanya kukimbia kuwa fimbo, mtoto akimaliza la saba hakimbii tena maisha yake yote.

Na kuna wale wa kuomba kipindi cha michezo kiwe cha hisabati kwa sababu mtihani wa la nne au la saba umekaribia, wazazi mpo na walimu wakuu mpo. WHO inasema wazi mazoezi yanasaidia afya ya akili na uwezo wa kujifunza, kwahiyo hicho kipindi mnachokiiba hakiendi kinyume na mtihani.

Wasichana wapewe bukta ndefu au suruali ya traksuti, asiyekuwa na raba acheze peku kwenye nyasi mradi uwanja umekaguliwa misumari na chupa. Kipindi kiwekwe asubuhi au jioni jua likipungua, sio saa nane mchana, na maji ya kunywa yawepo karibu. Mzazi, kama mwanao ana pumu au sikoseli mwambie mwalimu mapema, usimfiche. Mwenye pumu aanze taratibu na pampu yake iwe karibu, sio imefungiwa ofisini. Wa sikoseli anaweza kucheza kadiri ya alivyoshauriwa na daktari wake, ila anywe maji, apumzike anapochoka, asilowe wala kupigwa na baridi na asilazimishwe kukimbizana na wenzake. Akisema anaumwa mwili mwalimu asidhani anajidekeza, amtoe hapo hapo na mzazi apigiwe simu siku hiyo hiyo.