Je, wajua kwa nini kumbukumbu hupotea hata hipokampasi ikiwa nzima?

Nilipoanza kusoma habari za ubongo nilijichorea ramani rahisi. Hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo kila upande, ni ghala la kumbukumbu. Thalamasi ni tarishi: hupokea habari za macho, masikio na ngozi, kisha huzifikisha kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Kwa ramani hiyo, mtu akiumia thalamasi ataona au kusikia vibaya, lakini hatasahau jana alizungumza na nani. Nilikosea, na kosa hilo lina asili yake.

Mwaka 1953 Henry Molaison wa Marekani aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kutuliza kifafa. Tangu hapo hakuweza kushika matukio mapya. Kisa chake kikawa mfano mkuu wa somo la kumbukumbu, na sifa zote zikaiendea hipokampasi.

Thalamasi ikaachiwa utarishi, ambao ni kweli nusu tu. Ni kweli kwamba karibu hisia zote, isipokuwa harufu, hupitia humo. Lakini thalamasi si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa viini vingi, yaani mafungu ya seli, na baadhi yake havina shughuli ya moja kwa moja na macho wala masikio. Hata kiini cha kuona, ambacho ndicho tarishi hasa, miunganiko inayotoka machoni ni kama asilimia 10 tu au pungufu. Inayotoka kwenye gamba lenyewe ni mingi zaidi. Tarishi gani huyu anayemsikiliza mpokea barua kuliko aliyeiandika?

Kisha kuna mgonjwa anayetajwa katika maandishi ya kitabibu kwa herufi N.A. Mwaka 1960 upanga mwembamba wa michezo ulimwingia puani hadi kwenye ubongo. Akapoteza uwezo wa kushika mambo mapya, hasa ya maneno. Picha za baadaye zilionyesha jeraha kwenye thalamasi ya kushoto, huku hipokampasi zikionekana nzima. Kisa hiki pekee hakitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu viini vingine vya jirani vinavyohusika na kumbukumbu navyo viliumia. Hata hivyo, ugonjwa wa Korsakoff, unaoletwa na upungufu wa vitamini B1, unaelekeza pale pale: wagonjwa husahau vibaya sana, na viini vya mbele vya thalamasi ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika.

Basi thalamasi inaifanyia nini hipokampasi? Njia iliyochunguzwa kwa makini hupita kwenye kiini kidogo cha katikati kiitwacho reuniensi. Sehemu ya mbele ya gamba la ubongo, inayohusika na mipango na maamuzi, hupokea ujumbe wa hipokampasi moja kwa moja. Jibu halina njia nyoofu kama hiyo. Kwa sehemu kubwa huzunguka kupitia reuniensi.

Namna jibu linavyofika ndiyo inayonivutia zaidi. Fikiria seli ya hipokampasi kama mti. Nyuzi za reuniensi hazigusi shina, huishia kwenye ncha za matawi ya mbali. Ukitikisa ncha ya tawi peke yake, shina halisogei. Ndivyo ilivyoonekana kwa panya: reuniensi ikichochewa peke yake, seli kuu za hipokampasi husisimka kidogo tu bila kufyatua ishara. Lakini kwenye ncha hizo hizo huja pia habari kutoka gamba la jirani. Mikono miwili ikitikisa tawi moja kwa wakati mmoja, mti unaweza kuitikia. Kwa maelezo haya thalamasi haiamuru, inaegemea upande mmoja. Tahadhari moja: reuniensi huchochea pia seli za kuzuia, yaani zinazotuliza seli nyingine, na baadhi ya majaribio yanadai kwamba inafanya kazi kupitia hizo tu.

Egemeo hilo lina matokeo makubwa. Katika utafiti wa mwaka 2015, panya walipita ujia mmoja, wakikata kushoto safari moja na kulia safari inayofuata. Wakiwa bado ndani ya ujia, seli za hipokampasi zilitoa ishara tofauti kulingana na upande wanaokwenda. Reuniensi iliponyamazishwa, tofauti hiyo ilipungua. Panya bado alijua yuko wapi, ila aendako ndiko kulikofifia.

Utafiti wa mwaka 2013 uligusa woga. Panya waliotishwa mahali fulani njia hii ikiwa imezuiwa waliganda kwa hofu hata mahali palipo tofauti. Kumbukumbu ilikuwepo, mipaka yake ndiyo iliyovukwa. Watafiti walipoichochea reuniensi kwa mwanga wakati wa fundisho, upana wa hofu hiyo ulifuata mpangilio wa mipigo waliyoitumia.