Barafu ya Aktiki ikiwa kidogo mwezi wa tatu haina maana mwezi wa tisa itaisha

Kila mwaka mwezi wa tatu barafu ya bahari ya Aktiki, kule ncha ya kaskazini ya dunia, ikifika kilele chake, watu wanaangalia ile namba ya eneo wanasema imepungua, basi mwezi wa tisa ikifika chini kabisa itavunja rekodi. Jamani, haiendi hivyo.

Chukua 2012. Mwezi wa tatu ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba milioni 15, nzuri tu ukilinganisha na miaka iliyotangulia, halafu Septemba ikashuka mpaka kama milioni 3.4, rekodi ya chini kabisa tangu setelaiti zianze kupima 1979, na haijavunjwa. 2017 ikawa kinyume, kilele cha chini kuliko vyote vya nyuma lakini Septemba ikabaki kama milioni 4.6.

Kwa nini? Kwa sababu eneo halikwambii unene, barafu ya mita moja na ya mita tatu kwenye picha zinafanana lakini ile nyembamba jua la kiangazi linaimaliza haraka, tena mwezi wa tano yakianza madimbwi ya maji juu yake rangi inakuwa nyeusi inanyonya joto zaidi, ndo maana utabiri wa kabla ya hapo hukosea sana. Halafu kuna upepo, Agosti 2012 ilipiga dhoruba kali ikaivunjavunja barafu ambayo tayari ilishalegea. Dhoruba kama hiyo ukiwa Machi huwezi kujua kama itakuja.

Kwa hiyo namba ya kilele peke yake isikutishe wala isikutulize, uliza unene kwanza.