Picha ya bibi haihitaji jua la saa sita

Wengi tumekua tukiamini kwamba picha nzuri hupigwa nje, juani, anayepigwa akilitazama jua. Imani hiyo ina asili yake: filamu za zamani zilihitaji mwanga mwingi, na kamera za bei nafuu hazikuwa na namna ya kurekebisha. Simu za leo hazibanwi hivyo.

Jua la saa sita hutoka utosini. Macho huzama vivulini, paji la uso hung'aa, mtu hukunja uso. Mwanga wa dirishani huja kwa ubavu, tena laini.

Jaribu mwenyewe. Mkalishe bibi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja (kanga atachagua yeye, usibishane), uzime taa, maana rangi yake hugombana na mwanga wa mchana. Mpige akilitazama dirisha, akigeuka nusu, kisha akilipa mgongo. Sura tatu, kiti kimoja. Ya tatu ikitoka nyeusi, gusa uso wake kwenye kioo cha simu; utang'aa. Simama hatua mbili au tatu: ukimkaribia mno, pua hukua. Halafu mtoe uani mchana, mpige tena, uzilinganishe.